Maswali na Majibu: Utambuzi wa Bakteria wa Njia ya Mkojo kwa Vinasaba

Je, maambukizi ya njia ya mkojo hayasababishwi na bakteria wa aina moja?

Hapana. Mara nyingi chanzo ni E. coli, ingawa Klebsiella, Proteus na wengineo huonekana pia. Hata ndani ya jina hilo moja la E. coli kuna koo nyingi, yaani familia za bakteria wenye undugu wa karibu: wapo wanaoishi utumbuni mwetu bila kutudhuru, na wapo wenye jeni zinazowawezesha kung'ang'ania ukuta wa kibofu, kujipatia madini ya chuma ambayo ni haba kwenye mkojo, na kutoa sumu inayotoboa seli.

Kuotesha mkojo maabara hakutoshi kuwatofautisha?

Kwa kumtibu mgonjwa aliye mbele ya daktari, kwa kawaida kunatosha. Bakteria huoteshwa kwenye sahani, kisha vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa huwekwa juu yao. Kesho yake mtaalamu hupima kwa rula upana wa duara ambamo bakteria wameshindwa kuota. Kipimo hicho huonyesha dawa ifaayo, lakini hakionyeshi ukoo, kwani bakteria wawili wasio na undugu wa karibu wanaweza kutoa maduara yaliyo sawa kabisa.

Basi ukoo hutambuliwaje?

Njia iliyozoeleka husoma sehemu za jeni 7 ambazo kila E. coli huwa nazo, kisha mchanganyiko wa tofauti zilizoonekana hupewa namba, kama vile ST69, ST73, ST95 au ST131. Ipo pia njia ya haraka ya PCR, yaani kunakili vipande vya vinasaba mara nyingi hadi viweze kuonekana, iliyochapishwa mwaka 2000 na kupanuliwa mwaka 2013, inayowagawa katika makundi makubwa. Wengi wa wanaoshambulia kibofu na figo huangukia kundi B2. Siku hizi maabara zenye uwezo husoma vinasaba vyote, yaani takriban herufi milioni 5.

Ujuzi huo una faida gani?

Faida yake kubwa ni kwa jamii. Kati ya Oktoba 1999 na Januari 2000, watafiti walichunguza wanawake wenye maambukizi haya katika jamii ya chuo kikuu kimoja huko California, Marekani. Miongoni mwa bakteria waliokuwa sugu kwa kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi wetu huiita Septrin, karibu nusu walikuwa wa ukoo mmoja, na ukoo huohuo ulipatikana pia Michigan na Minnesota. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kudhani kwamba kila mgonjwa ana tatizo lake peke yake. Vinasaba ndivyo vilivyoonyesha kuwa ukoo mmoja sugu unasambaa.

Mwaka 2008 ukatangazwa ukoo wa ST131, uliokuwa tayari umefika mabara kadhaa. Mara nyingi huwa sugu kwa siprofloksasini, na wengi wao hubeba kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni, sindano inayotegemewa sana katika hospitali zetu. Ndiyo maana naona maabara za Afrika Mashariki zinastahili kuwezeshwa kufuatilia koo hizi mara kwa mara, badala ya kungoja mradi wa utafiti upite.

Maambukizi yangu hujirudia. Kipimo hiki cha ukoo kitanisaidia?

Kinaweza kuonyesha kama ni ukoo uleule uliobaki mwilini au ni mwingine ulioingia upya, ingawa hata ukoo uleule huweza kurudi kibofuni kutoka utumbuni.

Je, nikiombe hospitalini?

Si lazima, kwani hutumika zaidi katika utafiti na ufuatiliaji wa usugu. Omba kuoteshwa kwa mkojo, hasa kama maambukizi yanajirudia, u mjamzito, au dawa ya kwanza haikusaidia. Toa sampuli kabla ya kumeza antibiotiki: acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye chupa safi uliyopewa na maabara, na uifikishe ndani ya saa 2. Ukiwa na homa, baridi kali, kutapika au maumivu ya ubavuni, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda maambukizi yamefika kwenye figo.