Geji inasoma robo na gari imezima, sasa nani amekudanganya?

Mwezi huu hii ni gari ya nne. "Boss, flota imekufa. Geji inasoma robo tangi lakini gari imezimika Northern Bypass, nikaletewa jerikeni na boda, nikamimina lita tano, ikawaka palepale. Si unaona tangi ilikuwa kavu?" Flota ni kile kiboya cha ndani ya tangi kinachopima petroli na kuiambia geji. Hii hadithi naijua mpaka naweza kummalizia mwenye gari kabla hajafika kwenye boda. Na kila mara kuna fundi ameshapita hapo mbele yangu na ameshamuuzia flota, huyu wa safari hii ameuziwa mbili.

Gari yenyewe ni BMW 325Ci konvatibo, bodi ya E46, paa la turubai, mwenyewe anaipenda kuliko ndugu zake. Nikamwambia ssebo (yaani bwana), geji yako nzima. Akaniangalia kama nimemtukana.

Tangi ya hiyo gari haijakaa kama ndoo. Imekaa kama shogi la punda, fuko moja kulia fuko moja kushoto, katikati imeinuka kupisha propela na eksozi. Jumla lita 63. Kila fuko lina flota yake, dashibodi inajumlisha zote mbili ndio inakupa mshale. Lakini pampu ya petroli ni moja tu, na iko kulia. Petroli ya kushoto inavukaje? Kuna kidude kushoto hakina mota wala waya, kinatumia presha ya petroli inayosukumwa na pampu kubwa, inapita kwenye tundu dogo kwa kasi na inakokota ya kushoto inaipeleka kulia. Basi, hiyo ndio siri yote. Hicho kidude kikiziba, au paipu yake ikichomoka, au pampu kubwa ikichoka, kulia panakauka huku kushoto kuna petroli imekaa tu haina njia.

Sasa rudi kwenye jerikeni, maana hapa ndipo watu wote wanapotea na ndipo mimi napandwa na hasira. Mdomo wa kujazia uko upande gani? Kulia. Ukimimina lita tano zinaingia wapi? Kulia, kwa pampu. Lazima iwake! Ingewaka hata kama kushoto kungekuwa na lita ishirini. Kuwaka kwake kumekuambia kulia kulikuwa kavu, kwisha, kuhusu kushoto hakujakuambia kitu. Lakini mwenye gari anaona amepata ushahidi wa mahakamani, na fundi naye anaona hivyohivyo, wanaenda Kisekka, soko la spea la Kampala, pamoja wanarudi na flota ya mtumba, wanaifunga, mshale unasoma robo tena (kwa sababu robo IPO jamani), gari inazima tena, wanasema hii flota nayo mbovu. Wanarudi kununua nyingine.

Na ukitaka kuhakikisha huhitaji kufungua hata skrubu moja. Dashibodi ya E46 ina menyu ya siri, unashika kile kitufe cha kurudisha kilomita za safari huku unawasha swichi, ukishafungua kufuli ya menyu unaenda namba 6. Inakupa lita za kila upande, kushoto kwanza. Hii ya jamaa ilisoma 152003. Yaani kushoto lita 15.2, kulia lita 0.3. Nikamwita aje asome mwenyewe. Alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Kwa hiyo hizi flota mbili nilizonunua?" Sikumjibu, nikaenda kutafuta tochi.

Tulipofungua kushoto tukakuta paipu imechomoka, inaelea. Ilichomolewaje? Na yule aliyekuja kubadilisha flota, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu inawezekana ndio ilikuwa ugonjwa wa kwanza kabisa kabla ya flota zote, na mimi sikuwepo.

Sisemi flota hazifi. Zinakufa, na kwenye konvatibo kuna njia moja ya kufa ambayo saloon haiijui sana. Paa la turubai lina mifereji yake ya maji, ukipaki chini ya mwembe majani yanaziba, mvua ya Kampala unaijua, maji yanaingia ndani na kukaa chini ya kiti cha nyuma, na pale pale ndipo zilipo plagi za flota. Inua kiti, nusa. Ukisikia harufu ya zulia bichi na plagi ina ukijani, safisha plagi na mifereji kwanza, kabla hujamfikiria muuza spea. Kwenye Mazda MX-5 unainua zulia nyuma ya viti, mfuniko uko hapo, tangi ni moja na flota ni moja, raha tupu.

Gari za zamani zenye flota moja ni rahisi: chomoa plagi ya flota uangalie mshale. Ila ujue gari yako. Toyota nyingi za zamani tangi likijaa flota inasoma kama omu 3 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na likiwa tupu kama 110, kwa hiyo ukichomoa mshale unaanguka chini. GM za zamani za Marekani, kama Chevrolet, ni kinyume, tupu ni 0 na kujaa ni 90, ukichomoa mshale unapanda mpaka kupita kujaa. Nimeona mtu anapima Chevrolet kwa hesabu ya Toyota siku nzima. Na pima waya ya negativu inayorudi kwenye bodi, kutu ya hapo inafanya flota nzima ionekane mgonjwa. Na betri uchomoe kabla ya kufungua tangi, na sigara yako ipeleke barabarani, hiyo sitaki kuieleza mara mbili.

Halafu kuna hii ya "nimeweka mafuta mshale haujapanda". Umeweka ya shilingi ngapi? Elfu ishirini. Kwenye tangi ya lita 63 hiyo haifiki lita tano, ulitaka upande mpaka wapi? Na umepaki Muyenga kwenye kilima, pua imeangalia mbinguni. Shuka kwenye tambarare, endesha kidogo, dashibodi yenyewe inachelewesha mshale makusudi ili usicheze kila kona.

Kuna moja iliyonishinda na naiandika hapa ili msidhani najua kila kitu. E46 nyingine, konvatibo pia, namba za pande zote mbili kwenye menyu hazina kasoro, plagi safi, negativu safi, mshale unaanguka sifuri kama mara moja kwa wiki halafu unarudi wenyewe. Nimeifungua mara tatu. Nilishawahi kuiosha flota ikapona miezi minne na siwezi kusema kilichoponya ni nini, kuosha au kuitikisa tu. Mwenye gari nimemwambia kila akijaza arudishe kilomita za safari kwenye sifuri, zikifika 350 aingie stesheni. Anafanya hivyo mpaka leo, na kila akipita gereji anapiga honi.