Soma Tangazo la Kazi Kabla Hujalihitaji

Kwenye meza ya magazeti ya maktaba yoyote ya mkoa, Tabora ikiwemo, linalogombewa ni gazeti la leo. Kijana akimaliza ukurasa wa michezo anafungua wa ajira, anapitisha macho, haoni kinachomhusu, anamwachia mwenzake. Magazeti ya mwaka jana na mwaka juzi hayaulizwi, labda na mwanafunzi wa chuo anayeandika utafiti. Kwa maoni yangu kama mkutubi, anayejiandaa kutafuta kazi angeanza na hayo ya zamani.

Tangazo la leo linakutaka uwe tayari leo. Nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa na muda wa kuomba wa wiki mbili hivi, na ndani ya muda huo huwezi kusomea kitu ambacho huna. Tangazo lililokwisha muda halikukimbizi. Chagua kazi moja, tafuta matangazo yake matano au sita ya miaka tofauti, kisha andika daftarini kila sifa iliyotajwa. Sifa inayojirudia kila mwaka ndiyo ya lazima. Iliyojitokeza mara moja yawezekana ilikuwa haja ya mwajiri yule tu.

Chukua kazi ya udereva serikalini. Matangazo yake yanafanana mno: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, uzoefu wa angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, pamoja na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji wa magari kutoka VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Hicho cheti cha mwisho ndicho kinachowaangusha watu. Mtu ameendesha lori Nzega hadi Mpanda miaka kumi, leseni anayo, mikono imezoea, ila mafunzo yale hakuyafanya kwa sababu hakuna aliyemwambia. Angesoma matangazo mawili ya zamani, angejua mapema na angetenga nauli na ada.

Halafu kuna sehemu ya tangazo ambayo wengi wanairuka: majukumu ya kazi. Watu husoma sifa, wakishaona zinawafaa wanakwenda moja kwa moja kwenye mshahara. Lakini usaili wa mchujo hauulizi mshahara. Ukiitwa kwa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, majukumu yenyewe yamekwisha kukupa mtaala: utakuwa mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, katibu wa vikao vyake, msimamizi wa ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Kwa hiyo omba kwa mkutubi Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, na uiweke kando ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Soma sura zinazohusu kijiji tu, usijichoshe na zote. Humo utakuta, kwa mfano, kwamba halmashauri ya kijiji haipungui wajumbe 15 wala haizidi 25. Msaili akiuliza tofauti ya mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya kijiji, aliyesoma sheria atajibu kwa utulivu, na aliyekesha akikariri maswali yaliyovuja WhatsApp atababaika. Mimi hayo maswali ya WhatsApp siyaamini hata kidogo.

Kabla ya tangazo, hata hivyo, kuna swali la kazi gani. Vijana wengi wa kidato cha nne hutaja ualimu, uuguzi, udaktari na uanasheria, basi. Hawajakataa kazi nyingine, hawazijui. Ndiyo maana huwa napenda mtu azunguke rafu bila haraka. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa mfumo wa namba wa Dewey, na namba hizo ukizifuata unakuta ujuzi ambao hukuwahi kufikiri kuna mtu analipwa kwa ajili yake. Ufugaji nyuki uko 638, upimaji ardhi 526.9, ujenzi wa reli 625.1, kazi za ofisi 651. Vitabu vya kuomba kazi vyenyewe viko 650.14, na mara nyingi rafu hiyo ni fupi kuliko watu wanavyotarajia.

Namba hizo nimezichagua kwa sababu. Tabora ina Chuo cha Ufugaji Nyuki, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Reli, na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma ambayo wazee bado wanaiita Uhazili. Wapo wazazi wanaompeleka mtoto mkoa wa mbali kusoma kitu asichokipenda, huku vyuo hivi viko mwendo wa bodaboda kutoka nyumbani. Asali ya miombo yetu haihitaji mrina asali peke yake. Inahitaji wapima ubora, wafungashaji, wakaguzi, na watu wa misitu wanaojua kwamba mti ukikatwa mzinga nao umekwenda. Reli ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912, na mji huu umekula mkate wa reli tangu hapo. Sasa reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, kwenda Isaka na kwenda Kigoma, na treni zake zinatumia umeme. Fundi umeme, fundi wa ishara na mawasiliano, mtunza njia, msimamizi wa stesheni: hizo zote ni kazi zenye masomo yake, na kitabu kimoja cha reli kitakuonyesha ipi inakuvutia kabla hujalipa ada ya mtu.

Ukishapata fani, fungua mwongozo wa udahili. Vyuo vya kati vina wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na vyuo vikuu vina wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Mwongozo unakwambia masomo gani na alama gani zinatakiwa. Kwa ngazi ya astashahada mara nyingi ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na baadhi ya fani hutaja masomo kwa majina. Angalia kwamba chuo kimesajiliwa, kisha angalia kwamba kozi yenyewe unayoitaka imo. Chuo kinaweza kuwa halali, kozi isiwe na ithibati. Na fundi aliyejifunzia kazi gereji au kwa seremala wa mtaani, hana cheti lakini kazi anaijua, aulize VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi: anapimwa kwa anachokiweza, anapewa cheti.

Kuhusu wasifu, au CV kama wengi wanavyoiita, nitasema machache. Steshenari nyingi hunakili wasifu wa mteja wa jana na kubadili jina, ndiyo maana kila mwombaji mkoani anapenda kusoma na kusafiri. Andika mwenyewe kwa kalamu kwanza, kila mstari ujibu sifa fulani ya tangazo, ndipo ukachapiwe. Fungua pia barua pepe yako mwenyewe na nywila uijue wewe. Watu wanaandikishwa kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za Sekretarieti, kwa barua pepe ya mwenye steshenari, kisha taarifa ya kuitwa kwenye usaili inaingia mahali ambapo hawafiki. Matangazo ya Sekretarieti hueleza wazi kwamba hati za matokeo na testimonio hazikubaliwi badala ya vyeti halisi. Kama majina ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha NIDA yanatofautiana, shughulikia sasa, maana wiki mbili hazitatosha.

Anayekutaka utume elfu ishirini ya fomu au ya kuhifadhiwa nafasi serikalini ni tapeli. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji ada.

Ukipata kazi, hasa kwa mtu binafsi, rudi maktaba mara moja kabla ya kusaini. Omba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi utakayofanya, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa na malipo. Kifungu hichohicho kinaongeza jambo ambalo wafanyakazi wachache wanalijua: mgogoro ukifika kwenye sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa unamwangukia yeye.