Kenya kutumia robo tatu ya pato la taifa sio ati tunapenda raha

Watu wakisikia matumizi ya kaya (yaani vitu familia zinanunua na kutumia) Kenya ni kama robo tatu ya pato la taifa (GDP), na China ni kama 40% tu, wanaruka kusema ati sisi kazi yetu ni kula, akiba hatujui. Zii. Hiyo ni asilimia, sio kiasi cha pesa, Mchina wa kawaida anatumia pesa mob kutushinda, ni vile tu uwekezaji kwao unapita 40% ya uchumi so fungu la kaya linabaki dogo. Huku kipato chenyewe ni kidogo, ukishatoa unga, gesi, kodi ya nyumba na nauli unaweka nini sasa? Na hesabu inaingiza hata mahindi mkulima wa Kitale amelima akala na watu wake, hayajawahi ona soko lakini yanapewa bei. Alafu simu ya kutoka Shenzhen, China, inahesabiwa kwa matumizi, baadaye ndio bidhaa za nje zinatolewa kwa hesabu ya pato la taifa, ndio maana Somalia, yenye inategemea sana pesa za diaspora, matumizi yanapita pato lote la nchi. Sio makosa ya hesabu.