Mkono kufika sikioni si kipimo cha kuanza shule

Msimu wa kuandikisha darasa la kwanza ukifika, wazazi huja ofisini na maneno yaleyale. Nimewafundisha wadogo hawa miaka mingi, na maneno hayo nayasikia hata kwa ndugu zangu.

"Mwalimu, mkono umefika sikioni, mwandikishe."

Wengi wetu tulipimwa hivyo: unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, ukigusa sikio la kushoto umepita. Kipimo hicho kilisaidia enzi ambazo cheti cha kuzaliwa kilikuwa adimu. Lakini kinachopimwa pale ni urefu wa mkono ukilinganishwa na kichwa, basi. Mtoto huzaliwa kichwa kikiwa karibu robo ya urefu wake wote, kisha mikono hurefuka, kwa huyu upesi, kwa yule taratibu. Aliyedumaa kwa lishe duni anaweza kutimiza miaka saba na vidole visifike. Na si wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ukimwambia huyo arudi nyumbani akue kwanza, umemfungia mlango anayeihitaji shule kuliko wote. Tazama tarehe ya kuzaliwa, kwenye cheti au hata kadi ya kliniki.

"Akianza na miaka minne atawahi kumaliza."

Hili ndilo linaloniumiza. Niliwahi kuletewa binti wa miaka minne na nusu, ameandikishwa kama wa sita. Herufi zote alizijua kwa kuimba. Kasheshe ikawa kuandika: penseli aliikamata kwa ngumi, kama ashikavyo mwiko mtu anayesonga ugali, na daftari likachanika kwenye "a" ya kwanza. Saa nne asubuhi alikuwa amelala juu ya dawati. Hakuwa mvivu. Katika umri ule sehemu kubwa ya kifundo cha mkono bado ni gegedu, haijawa mfupa. Alirudia darasa huku wenzake wakimwita mzito, na mzito hakuwa hata kidogo.

Huko mbele nako, kuwahi hakumpi mtoto ushindi. Uingereza sheria inawataka waanze na miaka mitano, Estonia saba. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2018, vijana wa miaka 15 wa Estonia ndio walioongoza Ulaya nzima kwa kusoma.

"Basi akae nyumbani, awali ni kucheza tu."

Hao wa Estonia hawakukaa bure, wengi wao walipita chekechea. Kufinyanga udongo, kupanga vizibo kwa rangi na kukata karatasi ndiko kunakovipa vidole nguvu ya kushika penseli. Kusubiri zamu nako hufundishwa. Ufaransa iliposhusha umri wa lazima hadi miaka 3, Septemba 2019, iliwapeleka watoto chekechea, haikuwapeleka kwenye imla.

"Lini aanze ni hiari yangu mzazi."

Hapana. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978 ilifanya lazima mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe, na mzazi au mlezi ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inataka mwaka mmoja wa awali, darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na elimu ya lazima ya miaka 10. Ninavyoisoma mimi, umri wa lazima ni siku ambayo mtoto haruhusiwi tena kukosekana shuleni. Wengi wanaugeuza kuwa mstari wa mbio, kila mmoja akitaka wake autangulie.

Na kama siku hiyo imepita, labda alikuwa anachunga au analea mdogo wake, usimfiche kwa aibu. MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, uliwekwa kwa ajili ya waliopitwa na umri wa kuanza shule. Mlete, umri wake ututajie ulivyo.