Ule utando juu ya chai ya rangi unatoka wapi?

Mimina chai ya rangi kikombeni, iache mezani dakika kumi bila kuigusa, kisha inama uitazame upande wa dirisha. Ukiwa Lamu, au Mji wa Kale wa Mombasa, au popote pwani panapotumika maji ya kisima, utaona juu yake ngozi nyembamba ya kahawia inayometameta kama mafuta. Ukitikisa kikombe, ngozi hiyo hupasuka vipande vipande. Ukimaliza kunywa, ndani ya kikombe hubaki duara la rangi ya kutu ambalo halitoki kwa kusuuza tu. Sasa chukua pakiti ileile, panda nayo mpaka Limuru, kule milimani karibu na Nairobi, uipike kwa maji ya huko. Chai hutoka nyekundu, angavu, na utando ni wa kutafuta.

Kwetu, lawama zote zilikuwa zikiangukia majani. Majani ya zamani, majani ya vumbi, majani yaliyotiwa rangi dukani. Tukibadilisha pakiti, utando uko palepale. Laiti tungebadilisha maji.

Pwani ya Waswahili imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ni mawe hayo yaliyojengea misikiti na majumba ya zamani, na ni hayo yanayochomwa kupata chokaa. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mwamba huo na kuyeyusha kidogo kidogo ile chokaa, kisha hujikusanya chini yakiwa yamebeba kalisi na bikaboneti, yaani vitu vinavyotoka kwenye chokaa hiyo. Hayo ndiyo maji magumu. Huhitaji maabara kuyatambua: sabuni inasuasua kutoa povu, na birika la kuchemshia linajenga ukoko mweupe chini. Mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua hupita kwenye miamba ya volkeno isiyo na chokaa nyingi, ndiyo maana maji ya huko ni laini.

Mwaka 1993, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi wa Imperial College, London, walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wao kuhusu utando huu. (Jaganyi huyo ndiye aliyekuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka.) Walionyesha kwamba utando hauji na majani. Huzaliwa kikombeni, pale juu chai inapokutana na hewa. Oksijeni hushika polifenoli za chai, yaani zile kemikali zinazoipa rangi na ukali, na kalisi pamoja na bikaboneti huzisaidia kuungana na kuwa gamba. Ondoa kimojawapo, utando haupati nafasi. Chai iliyopikwa kwa maji yasiyo na madini, au yenye uchachu kidogo, haiufanyi. Mwaka 2021, watafiti wa ETH Zürich nchini Uswisi walipima ugumu wa utando wenyewe, wakakuta kwamba kadiri maji yalivyo magumu, ndivyo unavyokakamaa.

Basi ndimu inaingia hapo. Umeona jinsi chai ya rangi, nyeusi kama wino, inavyong'aa ghafla ikidondoshewa ndimu? Wengine husema ndimu "imeiua" chai, au imeipunguza nguvu. Hakuna kilichopungua. Vitu vinavyotia chai rangi, hasa vile vinavyoitwa thearubijini, ni asidi dhaifu. Katika maji ya chokaa, ambayo huelekea upande wa magadi, hubadilika umbo na kuwa vyeusi zaidi. Uchachu wa ndimu huvirudisha kwenye umbo lao jepesi la rangi ya machungwa. Wakati huohuo huvunja ile bikaboneti, na asidi ya ndimu hushikana na kalisi. Matone machache yanakufanyia kazi tatu. Na ndiyo sababu chai nyeusi tititi ya maji ya kisima si lazima iwe imekolea. Huenda ni nyeusi kwa macho na imepooza mdomoni.

Jina la chai ya mkandaa, tunavyoiita chai ya rangi huku Mombasa, lina elimu ndani yake. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko, na gome lake hutoa rangi nyekundu ya hudhurungi iliyotumiwa tangu zamani kutia rangi na kutengenezea ngozi. Ukiiona rangi hiyo, unaiona chai. Lakini undugu wao si wa rangi peke yake. Kinachofanya kazi kwenye gome ni tanini, na tanini ni jamii moja na polifenoli za jani la chai. Tabia yao kubwa ni kung'ang'ania protini. Gome la mkandaa hung'ang'ania protini za ngozi mbichi hadi ikawa ngozi isiyooza. Chai nayo hung'ang'ania protini za mate, ulimi ukakauka, tukasema chai hii ina ukakasi. Ukitia maziwa, polifenoli hukutana kwanza na protini za maziwa, zikashikana nazo, na ulimi ukasalimika. Ndivyo maziwa yanavyoifanya chai kuwa laini. Kuipunguza makali kwa kuongeza maji ni jambo jingine kabisa. (Ile malai inayoganda juu ya chai ya maziwa pia ni kitu kingine: hiyo ni protini na mafuta ya maziwa yenyewe.)

Sasa jikoni. Kama unatumia kisima, yachemshe maji peke yake kwanza, yatokote dakika chache, kisha uyaache yatulie na kupoa. Joto huvunja bikaboneti, na sehemu ya chokaa hushuka chini au hushika kwenye sufuria. Mimina taratibu maji ya juu, ndiyo upikie chai, na uache yale ya chini. Kuna wanaoamini kwamba maji yaliyochemshwa mara mbili huharibu chai kwa kukosa oksijeni. Oksijeni hutoka karibu yote maji yanapofika kuchemka mara ya kwanza, hivyo kwa maji ya chokaa faida ni kubwa kuliko hasara. Njia iliyo bora kuliko hiyo ni ya wazee: maji ya mvua. Mvua haijapita kwenye mwamba wowote. Kinga mvua iliyotoka kwenye bati au dari safi, baada ya manyunyu ya mwanzo kuosha vumbi, ichemshe, na utaonja chai usiyoijua.

Kiasi cha majani nacho kina neno. Waonjaji wa chai hufuata kipimo cha kimataifa cha gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6. Kipimo hicho ni kikali makusudi, ili kasoro zijitokeze. Nyumbani nusu yake inatosha, hasa kwa majani yetu ya punje ndogo, ambayo hukatwakatwa na kusagwa kwa mashine ili yatoe rangi upesi. Ukiyachemsha robo saa, unaongeza ukakasi zaidi kuliko utamu. Waliopanda juu wana udhuru kidogo: maji huchemka kwa nyuzi 100 Mombasa, lakini Nairobi ni takriban 94, kwa hiyo kuyaacha majani motoni dakika moja au mbili zaidi kunasaidia.

Ndimu itie kikombeni, chai ikishachujwa, na uionje kabla ya sukari. Ila chagua moja kati yake na maziwa. Uchachu ule unaong'arisha chai ya rangi ndio unaokata maziwa, kwa sababu protini zilezile zilizokuwa zikiulinda ulimi wako hugandamana na kuwa mabonge.