Waya ya kuku haimzuii nguchiro

Juzi niliitwa na mama mmoja kule Kisauni, hapa Mombasa, asubuhi alienda Kongowea sokoni akaacha kuku wake uwanjani, kurudi adhuhuri amekuta mitetea 3 wamelala chini wameumwa shingoni na vifaranga 11 hawapo kabisa. Ananiuliza "Mwanangu, huyu mnyama kaingilia wapi na waya ni mpya?" Nikapiga magoti pale pembeni, nikamwonyesha. Chini ya waya kulikuwa na kishimo, upana wake kama ngumi tu. Ni nguchiro huyo, na anawinda mchana kweupe, kwa hiyo kufungia kuku usiku peke yake hakutoshi.

Mi kazi yangu ni kujenga mabanda ya kuku na kitu narudia kila siku ni hiki: ile waya ya matundu ya pembe sita tunayoiita waya ya kuku inamzuia kuku asitoke, basi. Tundu la inchi 2 nyoka anapita, panya anapita, nguchiro mdogo anapita, na paka shume haitaji hata kupita, anaingiza mkono usiku anamvuta kuku aliyelala karibu na waya. Ukikuta kuku hana kichwa na mwili uko ndani karibu na waya, jua alivutwa kutoka nje. Natumia kofitrei ya nusu inchi, ile ya kuanikia kahawa huko bara, hadwea wanayo. Bei iko juu ndio, sikatai, kama pesa ni kidogo weka kofitrei futi 3 za chini na juu yake weka weldimeshi (waya ya kuchomelewa) ya inchi 1.

Sasa chini, hapa ndo watu wengi wanapoteza kuku. Utaambiwa uchimbe mtaro futi 2 uzike waya. Mombasa hii? Sehemu nyingi ukichimba kidogo tu ushagonga matumbawe, fundi atakudai siku mbili za sururu na bado mtaro hautakuwa sawa. Mi sichimbi, nalaza waya. Nachukua kofitrei ya futi 3 naikata katikati kwa urefu napata vipande viwili vya futi 1 na nusu, kipande nakifunga kwenye ukuta wa waya pale chini kabisa kwa waya ya kufungia, halafu nakilaza chini kuelekea NJE, nakandamiza na mawe na kufukia udongo inchi 2, nyasi zikiota huoni kitu. Mnyama anayechimba anaanzia pale pale ukuta unapogusa ardhi, anakuta waya, anasogea kushoto kulia anakuta waya tena, wala haimjii akilini arudi nyuma futi 2 aanze upya. Pembe ndo usizibanie, vipande viingiliane kama inchi 6.

Juu pia lazima pafunikwe. Mwewe kila mtu anamjua lakini kunguru ndo anamaliza vifaranga mjini, na huyu si ndege wetu wa asili, katoka Bara Hindi akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa pwani nzima ni yake. Nyavu kuukuu za wavuvi zinamzuia yeye na mwewe vizuri na ni rahisi kupata, ila paka anazichana na kanu, yule mnyama wa madoa anayefanana na paka, anapanda mti kama hana mifupa, so nyavu ni za mchana tu, jua likizama kuku waingie kizimbani wafungiwe. Ukiezeka makuti tandaza waya chini yake kwanza, manake makuti ni nyumba ya panya na panya anamwita nyoka.

Nguzo natumia boriti za mikoko, mchwa hawazipendi, lakini nunua kwa muuzaji mwenye kibali. Waya usiipigilie kwa stepo ndogo, mbwa akisukuma mara mbili zinang'oka. Weka skrubu na washa pana (visahani vya chuma vya chini ya kichwa cha skrubu) kila inchi 6.

Mlango weka komeo mbili, juu na chini. Mvua za masika zikianza mbao zinapinda, komeo ikiwa moja tu katikati pembe ya chini inaachia nafasi na nafasi hiyo inamtosha mwizi wetu. Chini ya mlango weka kizingiti cha mbao kizito, na ile waya ya kulala ipite chini yake.

Jambo la mwisho ni chumvi. Ukikaa karibu na bahari, Nyali, Bamburi, Likoni ile ya ufuoni, upepo wa kusi unaleta chumvi na waya inaoza kuanzia kwenye viungio. Uliza waya iliyochovywa zinki BAADA ya kuchomelewa, hiyo inadumu zaidi. Na kila kusi ikiisha zunguka uwanja wote na koleo ya kushikia waya, vuta waya pale inapoingia udongoni, ikikatika mkononi badilisha siku hiyo hiyo. Yule mama wa Kisauni nimemwachia kipande cha akiba cha futi 6 kimening'inia ukutani, na koleo pembeni yake.