Eti mwenye HIV atibiwe meno wa mwisho?

Juzi tena mgonjwa kaninong'oneza, "dokta, wale wenye ngoma mnawatibu na vifaa gani?" Huyo namuelewa, hajasomea haya mambo. Kinachoniudhi ni kuisikia kwa madokta wenzangu: "huyo ana HIV, mwambie asubiri jioni tumalize wengine."

Asubiri nini sasa? Vifaa vinaoshwa, vinafungwa kwenye pakiti, vinaingia autoklevu, ile mashine ya mvuke mkali inayoua vijidudu, nyuzi 134 kwa dakika 3 au 121 kwa dakika 15 mpaka 20 hivi, HIV haitoki hapo ikiwa hai. Kama huiamini autoklevu yako baada ya mwenye HIV basi hata yule wa saa tatu asubuhi ulimbahatisha tu, maana wangapi wanakaa kwenye kile kiti hawajui hali zao na wangapi wanajua ila hawasemi kwa sababu siku waliyosema waliambiwa rudi kesho? Ndo maana tahadhari ni zilezile kwa kila mtu. Ukivaa glavu mbili kwa huyu na moja kwa yule, niambie umejuaje yule ni salama? Na ile mashine ya kuchongea jino jamani, kuifuta na spiriti sio kuitakasa, mate na damu vinaweza kurudi ndani yake, iingie autoklevu kila mgonjwa, nasema KILA mgonjwa, hapo sina mjadala.

Lingine, eti ukijichoma sindano yenye damu ya mwenye HIV umekwisha. Uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kwa 1000, na akiwa anameza ARV vizuri virusi havionekani kwenye damu hatari inashuka zaidi. Halafu PEP ipo, dawa za kuzuia maambukizi baada ya kujichoma, ianze haraka, isipite saa 72, umeze siku 28. Homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika 30 kwa 100, na kirusi chake kinakaa mezani hata siku 7, ila nikiuliza nani kamaliza dozi zake za chanjo wenzangu wanaanza kuangalia viatu!

Mate? Mate peke yake hayaambukizi HIV, ni damu, na kazini kwetu damu haikosi kwa hiyo glavu palepale.

Eti mwenye HIV haruhusiwi kung'oa jino. Anang'oa kama wewe, na akiwa yuko vizuri na dawa hahitaji hata antibaotiki za kukinga. Aliyedhoofika sana ndo tunapima damu kwanza.

Yule wa juzi nilimfungulia pakiti mbele yake nikamwonyesha alama iliyobadilika rangi, nikamwambia hii inaonyesha imepita kwenye moto tu, mashine yenyewe tunaipima kila wiki kwa vijidudu sugu vya majaribio kuona kama vinakufa kweli. Akauliza, "na kabla yangu alikaa nani?" Nikamwambia fungua mdomo.